Herufi za Nyuma ya Dumu: Kuchagua Oili ya Gari la Dizeli

(Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya wamiliki wa magari, madereva, mafundi na walimu wa ufundi)

Nawashukuru ninyi mliotoka kazini moja kwa moja, wengine mikono ingali na harufu ya gereji, mkaja kusikiliza habari za oili. Si jambo dogo. Kila aliyemo humu anajua bei ya kufungua injini ya dizeli siku hizi, na anajua kwamba wengi waliofikia hapo walikuwa wakibadilisha oili kila mara.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mwenye gari la dizeli anayechagua oili kwa namba kubwa iliyo mbele ya dumu amesoma nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo nzito. Hapa mezani nimeweka dumu tupu la lita 5. Mbele limeandikwa 15W-40 kwa tarakimu ambazo hata aliyeketi mwisho wa ukumbi anaziona. Nyuma, kwa maandishi madogo yanayohitaji miwani, imeandikwa API CI-4/SL, kisha ACEA A3/B4. Dukani tunauliza ya mbele. Injini inauliza ya nyuma. Nitaeleza kwa hoja nne, na mtanisamehe nikikaa muda mrefu kwenye ya pili na ya tatu, maana ndiko injini zinakofia.

Hoja ya kwanza: namba ya mbele inasema mnato, basi

Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilianza kupanga oili kwa madaraja ya mnato mwaka 1911, na namba tunazozisoma leo ni za ukoo huo. Herufi W ni ya majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake hueleza oili itakavyokuwa injini ikiwashwa kwenye baridi kali: 15W hupimwa ugumu wa kuzungusha injini kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Wenzetu wa Makete wanajua baridi, tena baridi ya kugandisha umande alfajiri ya Julai, lakini hata huko hakuna gari lililowahi kukaribia nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa hiyo namba ya kwanza, ambayo ndiyo inayozua ubishi mkubwa dukani, kwetu ina uamuzi mdogo. Nakubali kwamba asubuhi 5W hufika juu ya injini mapema kidogo kuliko 15W, na hiyo ni faida, hasa kwa tabo. Ila isemwe kwa kiasi chake.

Namba ya pili ndiyo inayohusu injini iliyokwisha kupata moto. Hupimwa kwenye nyuzi 100. Oili ya 40 lazima iwe na mnato usiopungua milimita za mraba 12.5 kwa sekunde na usiofika 16.3, ya 30 huanzia 9.3 na haifiki 12.5. Sasa tazameni: 5W-40 na 15W-40, injini ikishapata moto, zimo ndani ya mipaka ile ile. Anayesema 5W-40 ni nyepesi mno kwa joto la Dar es Salaam amesoma namba ya baridi akadhani ni ya joto. Kosa hili limewafanya watu wengi waikatae oili ambayo mtengenezaji wa gari lao ameitaja kwa jina.

Naijua pingamizi itakayofuata, maana mafundi wameishi nayo: injini ikichoka, mpe oili nzito. Kuna kweli ndani yake. Injini ambayo kitabu chake kinaruhusu 30 na 40, ikianza kula oili, kuhamia 40 kunaweza kupunguza ulaji, na hakuna ubaya. Kuvuka mipaka ya kitabu ni jambo jingine. Oili nzito kupita kiasi huinua mshale wa presha, na dereva akiuona umepanda hufurahi. Lakini presha imepanda kwa sababu oili inapita kwa shida. Shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa kufika, tabo haina pa kuegemea. Na ringi iliyolika haikui kwa sababu umeizungushia kitu kizito.

Hoja ya pili: injini ya dizeli huchafua oili yake kwa namna isiyo ya petroli

Hapa ndipo herufi zinapoanza kusema. Injini ambayo Rudolf Diesel aliifanyia majaribio Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897 haikuwa na plagi, na hadi leo dizeli haiwashwi kwa cheche. Hewa hubanwa peke yake. Injini ya petroli hubana mara 10 hivi. Ya dizeli mara 14 hadi 20 na zaidi, mpaka hewa yenyewe inapata moto wa zaidi ya nyuzi 500. Nozeli ikirusha dizeli humo, inashika yenyewe. Ila kila tone linaungua kutoka nje kwenda ndani, na pale katikati, ambapo hewa haikuwahi kufika, kunabaki masizi. Mengi hutoka na moshi. Sehemu ndogo hupita kando ya ringi, au hubaki ukutani mwa silinda ikakwanguliwa, ikashuka kwenye sampu.

Ndiyo maana oili ya dizeli huwa nyeusi mapema, pengine siku chache tu tangu imwagwe. Mwenye gari akichomoa stiki na kuona weusi huo, huiambia gereji imeuziwa maji. Ndugu zangu, weusi ule ni kazi inayofanyika. Ndani ya oili ya dizeli kuna dawa ya kutawanya, inayozunguka kila chembe ya masizi na kuizuia isishikane na nyenzake. Chembe zikitawanyika zinabaki ndogo kuliko unene wa utando wa oili, zinapita baina ya chuma na chuma bila kukwaruza. Dawa ikiisha, chembe huungana, oili inageuka tope, vijia vya kwenda kwenye kemshafti vinaziba. Oili inayobaki nyeupe kwenye injini ya dizeli ya zamani inanitia wasiwasi kuliko nyeusi, maana masizi yametengenezwa vile vile, na kama hayako kwenye oili, yamelala mahali fulani ndani ya injini.

Uchafu wa pili hauonekani. Dizeli ina salfa, salfa ikiungua na kukutana na mvuke wa maji huzaa tindikali, na tindikali hula beringi. Tufanye hesabu. Gari linalotumia lita moja kwa kilomita 10 litachoma lita 500 katika kilomita 5,000, ambazo ni kama kilo 415 za dizeli. Dizeli hiyo ikiwa na salfa sehemu 5,000 katika milioni, injini imechoma zaidi ya kilo 2 za salfa baina ya oili moja na nyingine. Ikiwa na sehemu 50, imechoma gramu 21 tu. Tarehe 1 Januari 2015 nchi tano za Afrika Mashariki, yaani Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, ziliingia rasmi kwenye kiwango cha sehemu 50. Kwa injini zetu hilo ni badiliko kubwa kuliko jina lolote jipya lililoletwa madukani, na nitalirudia kwenye hoja ya tatu kwa sababu ndilo linaloifungulia mlango.

Dhidi ya tindikali, oili hubeba akiba ya alkali, aghalabu yenye kalsiamu, inayotumika kidogo kidogo hadi iishe. Ukubwa wa akiba hiyo, na nguvu ya dawa ya kutawanya, ndivyo vinavyoonyeshwa na herufi za nyuma. Taasisi ya petroli ya Marekani, API, hupanga oili za petroli kwa S na za dizeli kwa C, na herufi inayofuata hupanda kadiri injini zinavyobadilika: CF-4 ya mwaka 1990, CH-4 ya 1998, CI-4 ya 2002, CJ-4 ya 2006, CK-4 ya Desemba 2016. Hiyo 4 ni ya injini za mipigo minne. Dumu likiandikwa CI-4/SL, C ikitangulia, aliyeitengeneza alikusudia dizeli kwanza. Likiandikwa SN/CF, petroli ndiyo iliyokusudiwa, na CF imewekwa nyuma kama mgeni aliyepewa kigoda. Daraja la CF ni la mwaka 1994, na API yenyewe imeshaliweka miongoni mwa yaliyopitwa. Oili hiyo ya SN/CF ndiyo ninayoiona ikiuzwa kwa wenye Prado na Hiace zenye tabo na pampu za presha kubwa, kwa kuwa ni 5W-30 na dumu lina picha ya gari zuri. Mnato wake unaweza kuwa sahihi kabisa. Nguvu yake ya kupambana na masizi ndiyo isiyotosha.

Kwa hiyo kwa Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, ambayo haina tabo wala vikorokoro kwenye ekzosi, CI-4 ya 15W-40 ni chakula chake halali, wala hakuna sababu ya kumtwisha mwenye gari gharama zaidi. Kwa injini ya 1KD ya lita 3, isiyo na chujio la masizi, CI-4 hiyo hiyo inafaa, au oili yenye B4, daraja la Ulaya la dizeli ndogo, kwa mnato ambao kitabu kimeutaja. Tukiishia hapo mambo ni mepesi.

Hoja ya tatu: chujio la masizi limegeuza kanuni

Hayaishii hapo, kwa sababu ya kitu kinachoitwa DPF. Ni chujio la udongo uliochomwa, lenye vijia vyembamba kama masega ya nyuki, lililofungwa kwenye ekzosi kukamata masizi yasitoke. Likijaa, kompyuta ya gari huongeza dizeli ili joto la ekzosi lifike karibu na nyuzi 600, masizi yaungue, chujio liwe safi tena. Masizi huungua. Majivu hayaungui. Na majivu yanatoka wapi? Yanatoka kwenye oili, katika zile zile dawa za kalsiamu nilizozisifu dakika chache zilizopita.

Naomba tusimame hapa, maana ndipo kiini cha mhadhara. Dawa inayoiokoa injini ndiyo inayoliua chujio. Chukueni gari linalokula nusu lita ya oili kila kilomita 5,000, kiasi ambacho hakuna dereva angelalamikia. Katika kilomita 100,000 limekula lita 10, kilo 8.6 hivi. Kama ni oili ya kawaida ya dizeli, yenye majivu asilimia 1.5 kwa kipimo cha maabara, chujio limepokea karibu gramu 130. Kama ni oili ya majivu asilimia 0.6, limepokea gramu 52. Hakuna namna ya kuyachoma. Yamekaa, nafasi ya masizi imepungua, chujio linajaa upesi, gari linajisafisha mara kwa mara, nguvu inapotea mlimani. Mlima wa Kitonga utakuonyesha.

Ndiyo sababu Wajapani wakaweka daraja la JASO DL-1, la mwaka 2005, kwa magari madogo ya dizeli yenye chujio, majivu yasizidi asilimia 0.6. Wazungu kupitia chama chao cha watengenezaji wa magari, ACEA, wakaweka familia ya C, na C3 inayouzwa sana hairuhusu kuvuka 0.8. Dumu nililoshika, la CI-4 na A3/B4, ni zuri kwa 1HZ na ni sumu ya polepole kwa gari lenye DPF. Namba ya mbele haiwezi kukueleza hilo hata ukiikodolea macho mpaka kesho.

Mtaniuliza: kama oili ya majivu kidogo ina akiba ndogo ya alkali, si tindikali itatula? Swali zuri, na jibu limo kwenye gramu 21. Kwenye dizeli ya sehemu 5,000 nisingethubutu kumshauri mtu atumie DL-1. Kwenye dizeli ya sehemu 50 inawezekana, ila kwa tahadhari, kwa kuwa oili hizi zilibuniwa kwa nchi zenye dizeli safi zaidi: Marekani ni sehemu 15, Japani ni 10. API inaonya kuhusu CJ-4 kwamba dizeli inayozidi sehemu 15 inaweza kufupisha muda wa oili. Basi tufupishe. Kilomita 15,000 za kitabu cha Ulaya tuziache Ulaya. Na dizeli ya kwenye madumu barabarani, isiyojulikana ilikopitia, gari la namna hii lisionjeshwe.

Wapo watakaosema dawa ni kutoa chujio, kama wengi wanavyotoa masega, yaani katalisti. Nawaheshimu mafundi wanaolisema, kwa sababu husukumwa na mteja aliyetajiwa bei ya chujio jipya. Lakini kompyuta isipobadilishwa programu itaendelea kumwaga dizeli ya kuchoma masizi ya chujio ambalo halipo. Na moshi ule una wenyewe. Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Anayeuvuta si mwenye gari aliyepandisha vioo. Ni mama muuza mahindi pale Ubungo, ni kondakta anayening'inia mlangoni, ni mtoto anayevuka kwenda shule. Kwangu hilo linatosha kulifunga shauri.

Jambo moja zaidi, la kutazamwa kwa macho. Gari likikatizwa kujisafisha, kwa sababu safari ni ya Sinza hadi Posta na injini inazimwa kabla kazi haijaisha, dizeli iliyoongezwa huchuruzika ukutani mwa silinda ikaingia kwenye oili. Oili haipungui, inaongezeka. Mazda walipotoa CX-5 yenye injini ya Skyactiv-D mwaka 2012, kwenye stiki waliweka alama ya tatu, X, juu ya ile ya kujaa. Oili ikifika X, imwagwe hata kama kilomita hazijatimia. Tumezoea kuogopa stiki ikionyesha pungufu. Kwa magari haya, futa stiki kwa kitambaa, irudishe, ichomoe, uitazame kwenye mwanga: ikiwa imepanda kupita mwezi uliopita na hukuongeza kitu, unuse. Harufu ya dizeli haijifichi.

Hoja ya nne: kilomita si saa

Hii ni fupi. Gari linalokwenda wastani wa kilomita 70 kwa saa humaliza kilomita 5,000 kwa saa 71. Linalotambaa kwenye foleni kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa humaliza hizo hizo kwa saa 333. Kibandiko cha sevisi kinayaona magari hayo mawili ni sawa. Oili ya la pili imefanya kazi zaidi ya mara nne. Dereva wa mjini na amwage mapema. Wa Dar hadi Mbeya ana haki ya kungoja.

Kuhusu bei na oili bandia, nimeulizwa mlangoni kabla sijaingia. Oili iliyo sahihi si lazima iwe ya ghali kuliko zote dukani. CI-4 ya kawaida iliyo halisi inaishinda kwa 1HZ oili ya bei mara mbili iliyokusudiwa petroli. Muhuri wa duara wa API hutolewa kwa leseni, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye mtandao, hivyo jina lililo kwenye dumu linaweza kutafutwa kabla ya kulipa. Tazama alama ya TBS, tazama kizibo kama kimewahi kufunguliwa. Na dumu tupu litobolewe pale pale gereji, kwa msumari, mbele ya mteja. Dumu zima lenye lebo safi lina soko lake, nanyi mnalijua.

Sasa niangalie mbele. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na kwetu gari chakavu linalipiwa zaidi bandarini. Maana yake, gari dogo la dizeli linaloshushwa Mombasa au Dar es Salaam kutoka Japani leo aghalabu limetengenezwa baada ya Japani kukaza sheria ya moshi mwaka 2009, na utalikuta lina chujio. 1HZ zitaendelea kuishi vijijini na porini kwa miaka mingi, Mungu azibariki, lakini gereji ya mjini itazidi kupokea wale wageni wa DL-1. Kitabu chao kimeandikwa Kijapani, na wengi hukitupa. Msikitupe. Fungueni kurasa za nyuma zenye jedwali la ujazo: katikati ya maandishi tusiyoyasoma mtaona DL-1, mtaona 0W-30 au 5W-30, kwa herufi zetu hizi hizi.

Nina maombi mawili. Kwa walimu: mwanafunzi anayefundishwa kumwaga oili afundishwe siku hiyo hiyo kusoma nyuma ya dumu, na aulizwe kwenye mtihani. Kwa mafundi: kibandiko cha sevisi mnachokibandika kwenye kioo kina mstari wa kilomita za leo na mstari wa kilomita zijazo. Ongezeni mstari wa tatu, wa herufi, ili fundi wa Singida atakayelipokea gari hilo mwezi ujao ajue kilichomo ndani.

Madumu mengine matano yako kwenye meza ile ya pembeni, yote 5W-30, yote yana herufi tofauti nyuma. Kabla ya maswali, naomba mpite mmoja mmoja myageuze, kisha kila mwenye gari la dizeli aniambie ni lipi kati ya hayo angeliacha.